UZI: Nilivyopata nafasi ya kuanza shamba la parachichi huku duka linanimaliza (Mbeya – Kiwira)

Spea za Boda (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mlioko Iringa na Njombe, kamwene. Wa Rungwe wenzangu, ugonile.

Mvua ya leo imewarudisha boda wote vijiweni, tangu saa 8 sijauza hata plagi, basi acha nilipe deni. Wiki iliyopita mteja wangu mmoja, mwalimu, aliniuliza mtu anayeshinda kazini tangu asubuhi hadi usiku anapata wapi nafasi ya kuanzisha kitu kingine. Nikamjibu kwa mkato: amka mapema, punguza simu. Akalipa, akawasha pikipiki, akaondoka. Nikabaki na aibu, maana mimi mwenyewe sikuanza hivyo hata kidogo.

Nina duka la spea za pikipiki Kabwe, hapa Mbeya mjini. Nafungua saa 1:30 asubuhi kwa sababu boda aliyekatikiwa waya wa klachi hana subira, akikuta umefunga anahamia duka la jirani na harudi. Nafunga saa 2 usiku. Jumapili nilikuwa nafungua nusu siku. Shamba ni ekari moja na nusu aliloniachia mama karibu na Kiwira, ule upande wa kwenda Daraja la Mungu. Kutoka mjini ni zaidi ya saa moja kwa Coaster, ukijumlisha na kungoja lijae pale Uyole.

Mwaka 2021 nilisema mwaka huu napanda parachichi. Hass, zile zinazonunuliwa kwenda nje. Mvua za Novemba zikaingia, nikasema nikipata nafasi. Zikaisha. Mwaka 2022 nikajifanya mjanja: nikanunua miche 30 ya kubebesha, yaani ya kuungwa, kabla ya kuwa na shimo hata moja, nikiamini miche ikishafika nyumbani itanilazimisha. Haikunilazimisha. Ilikaa barazani Isyesye kwenye viriba vyake tangu Desemba hadi mizizi ikaanza kujizungusha humo ndani. Mbuzi wa jirani akala 6. Wageni wakija mke wangu anawaambia "hayo ni maua ya baba". Kufika Juni baridi na kiu vilikuwa vimemaliza iliyobaki. Hela ile ninaikumbuka mpaka leo.

Mwaka 2023 sikugusa kabisa. Nilikuwa nimeona haya.

Februari 2024 nikachukua daftari la madeni, nikaligeuza nyuma, nikaanza kuandika kila mteja aliingia saa ngapi. Wiki mbili. Nilijua kabisa kwamba sina nafasi, nilitaka tu ushahidi wa kumwonyesha mke wangu. Daftari likanisaliti. Asubuhi hadi saa 4 ni vurugu, jioni saa 10 hadi saa 1 ni vurugu, lakini saa 8 hadi saa 10 alasiri walikuwa wanaingia watu watatu, wanne. Saa mbili kila siku, na mimi muda huo nabishana Simba na Yanga na fundi wa jirani.

Sasa hapa ndipo ushauri wa "tafuta muda uliopotea" unapokwama. Saa mbili za Kabwe hazichimbi shimo la Kiwira! Ningezikusanya mwaka mzima, bado zisingenifikisha hata Uyole. Nilichohitaji ni siku moja nzima, mfululizo, nikiwa sipo dukani, na duka halikuwa na uwezo wa kukaa siku nzima bila mimi. Bei zote zilikuwa kichwani mwangu. Ukimwuliza dogo wangu wa dukani breki shuu ya pikipiki fulani ni bei gani, ananipigia simu nikiwa msalani.

Kwa hiyo zile saa mbili nikazitumia kumfundisha dogo. Machi hadi Juni. Tulibandika bei kwenye kila boksi, tukaandika daftari la spea kwa aina ya pikipiki, nikamwonyesha bei ya mwisho ya kushuka na nani anakopeshwa na nani hakopeshwi. Kosa lilitokea: Jumapili ya kwanza alimkopesha seti ya cheni na sproketi jamaa ambaye mtaa mzima unamkwepa. Niliumia, lakini nikamwacha aendelee, maana ningerudi dukani kila Jumapili ningekuwa nimeshindwa tena mwaka wa nne.

Julai nikaanza kuchimba. Nusu ekari tu. Nafasi ya mita 7 kwa 7, nusu ekari inaingiza mashimo 40 hivi. Shimo sentimita 60 kwa 60, kina 60, udongo wa juu unauweka kushoto, wa chini kulia. Nilikuwa na sururu, jembe na chepe, mashimo manne kila Jumapili ninayokwenda. Udongo wa Rungwe unamhurumia mtu, ni laini, ila kuna pembe moja niligonga mawe ya volkano nikasalimu amri.

Kwa nini Julai? Kwa sababu kazi inayosubiri mvua mimi nilikuwa naihesabu kuanzia siku ya mvua, na siku ya mvua kila mtu Mbeya yupo bize. Mvua za kwanza zikidondoka barabara za vumbi zinakuwa tope, pikipiki zinaharibika hovyo, duka linajaa. Ndiyo maana miaka mitatu "sikupata nafasi". Kiangazi shimo halina haraka, ukikosa Jumapili hii unakwenda ijayo. Na shimo lililochimbwa mapema ni bora hata kwa mche: unachanganya udongo wa juu na samadi, unarudisha, unaacha ioze mwezi na zaidi kabla ya kupanda.

Oktoba nikamaliza. Miche nikaichukua Desemba, wiki ile ile ya kupanda, haikulala barazani hata usiku mmoja. Nilipanda 40, zimeshika 38.

Naomba kuwasilisha. Maswali karibuni, nipo hadi mvua ikatike.

---

Bila Mtaji

Uzi mrefu kama foleni ya Mafiati lakini nimefika mwisho. Mkuu, hongera. Ila niseme ukweli, wengi wetu tatizo si muda, ni hela. Una shamba la urithi, una duka, una dogo. Mimi nina jembe la kuazima.

---

Spea za Boda

Mkuu hapo sibishi, shamba la mama ni bahati na bahati siwezi kuifundisha mtu. Ila kwa upande wangu "sina hela" nayo nilikuwa naitumia kama kifuniko. Mashimo 40 yalinigharimu nauli na maharage ya mama mdogo pale Kiwira. Hela kubwa ilikuja kwenye miche na samadi, na kufika wakati huo mashimo yalikuwa yananitazama, ikabidi itafutwe. Mwaka 2022 nilianza na hela nikashindwa.

---

Tairi la Nyuma

Vijana, mimi naendesha lori Dar – Tunduma, zaidi ya kilomita 900 kwenda tu. Muda ninao mwingi kuliko nyote. Nimewahi kulala foleni ya mpakani Tunduma siku tatu nikihesabu kunguru. Nikifika nyumbani Mbalizi napewa siku nne za kukaa. Mtu wa nje anasema huyu mzee ana nafasi. Kumbe mwili uko nyumbani, kichwa bado kinashuka mlima Kitonga na gia ya pili.

Nilitaka kujenga. Kila nikirudi nasema kesho naanza, siku ya kwanza nalala, ya pili nalala, ya tatu wageni, ya nne napigiwa simu gari lipakiwe. Miaka mitano hivyo. Nilichobadilisha ni kimoja: siku ya kwanza niliitoa rasmi. Nikamwambia mama watoto, siku ya kwanza msinihesabu, mimi ni maiti. Zamani nilikuwa siku ile najilazimisha, nashika chepe saa 4, saa 6 nimegombana na kila mtu, halafu siku ya pili nayo imeharibika. Nikaacha kuidai siku ya kwanza, siku ya pili na ya tatu zikawa za kwangu kweli.

Nikafyatua tofali za kuchoma mwenyewe na kijana mmoja, Juni hadi Septemba. Tanuru tulichoma kwa pumba za mpunga, Mbalizi zinapatikana. Huyu wa parachichi kasema kweli kuhusu kiangazi. Mwaka wa kwanza nilichelewa, tofali mbichi zikakutwa na mvua ya Novemba, zikarudi kuwa udongo. Nilisimama mlangoni nikizitazama zinayeyuka kama sukari.

---

Spea za Boda

Shikamoo mzee wangu. Hilo la kuitoa siku ya kwanza sikuwahi kulifikiria. Mimi Jumatatu baada ya Kiwira huwa nina hasira dukani hadi wateja wanashangaa.

---

Kihesa Juu

Kamwene. Mimi ni mwalimu wa sekondari Iringa. Shamba sina, nilitaka kusoma. Fomu ya Chuo Kikuu Huria nilijaza mara tatu, mara mbili sikuipeleka. Sababu ile ile, vipindi, kusahihisha, zamu, misiba.

Kilichoniangusha ni kwamba nilikuwa nataka kuanza kwa heshima. Yaani meza mpya, taa ya kusomea, ratiba yenye rangi ukutani, masomo yote ya mwaka kwa mpigo. Chuo kimewekwa kwa ajili ya watu wenye kazi na unajisajili masomo unayoyamudu, lakini mimi niliona kuchukua mawili ni kama kujidharau. Mwaka huo wa kwanza nilipojisajili nilichukua mengi, Mei nikaacha yote. Safari ya pili nikachukua mawili. Mawili tu. Mwalimu mwenzangu alinicheka kwenye chumba cha walimu, akasema kwa mwendo huo nitahitimu nikiwa nimestaafu. Sasa hivi nipo mwaka wa mwisho na yeye bado anatafuta wakati mzuri.

Kuhusu kuamka mapema ambako mwanzisha uzi amekukejeli kidogo, mimi kulinisaidia, lakini si mwaka mzima. Wa Iringa mnaijua Juni yetu. Saa 10 alfajiri na upepo wa Gangilonga, kalamu haishikiki. Nilijitesa mwezi mzima nikidhani ni uvivu. Nikahamisha, Juni na Julai nasomea shuleni baada ya vipindi, saa 9 hadi saa 11, darasani kwenye jua la dirishani, ndipo naenda nyumbani. Nikifika nyumbani ni baba, sisomi. Septemba narudi alfajiri. Hakuna aliyeniambia kwamba ratiba inaruhusiwa kufuata hali ya hewa.

---

Bila Mtaji

Mwalimu, walimu mna likizo Juni, msitudanganye.

---

Kihesa Juu

Njoo usahihishe mitihani ya mihula ya kidato cha pili mikondo minne halafu uniambie hiyo likizo iko wapi.

---

Sweta la Njombe

Nimewasoma wote kaka zangu, na nimecheka. Sasa niulize swali moja kwa mwanzisha uzi, kwa heshima zote.

Hizo Jumapili unazochimba mashimo, watoto wanakula nini na nani amepika? Nani amefua sare za Jumatatu? Mzee wa lori naye "siku ya kwanza msinihesabu". Na mama watoto yeye ana siku ya kutohesabiwa? Uzi mzima sijaona mahali mtu ameandika muda huo ulitolewa mfukoni mwa nani.

Siandiki kwa ugomvi. Mimi ni muuguzi, nafanya zamu. Mwaka juzi nilinunua mashine ya kufuma masweta, maana Njombe sweta si urembo, na sweta za shule zinatoka kila Januari na kila Julai. Mashine ilikaa miezi minane chumbani imefunikwa shuka. Ikafika mahali tukaweka redio juu yake, ikawa kabati. Nilijaribu zote hizo: kuamka alfajiri, naamka nakuta mtoto naye kaamka. Usiku, narudi zamu ya jioni saa 2, kuna vyombo. Siku ya mapumziko, hiyo ndiyo siku ya kufua, ya sokoni, ya kwenda kumwona mama mkwe.

Mimi sikuwa na saa mbili za kubishana Simba na Yanga. Ningeandika daftari kama lako kurasa zingejaa pande zote mbili. Kwa hiyo muda wangu sikuupata, niliudai. Nilikaa na mume wangu tukaorodhesha kazi za nyumbani kwa majina, si "kusaidia", bali hii ni ya nani. Yeye akachukua kufua na chakula cha jioni siku zangu za mapumziko. Wiki tatu za mwanzo wali ulikuwa bokoboko na soksi nyeupe zilikuwa za waridi. Nilinyamaza. Hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko kudai, kunyamaza, maana ukishika sufuria mara moja tu imerudi kwako.

Na nilianza Oktoba kwa ajili ya Januari. Nilikubali oda kumi tu za shule moja, rangi moja, ya kijani kibichi, saizi tatu. Wazazi waliotaka rangi nyingine niliwaambia mwakani. Rangi moja unafunga uzi mashineni mara moja, unafuma tu. Ningekubali shule tatu ningekuwa bado nafumua.

Ndiyo hivyo kaka. Umemuuliza mkeo?

---

Tairi la Nyuma

Binti yangu, umenipiga na mimi niliyekaa kimya pembeni. Nimesoma nikaweka simu chini.

---

Spea za Boda

Dada, nimeanza kukujibu mara tatu nikafuta. Jibu la kweli ni kwamba sikumuuliza. Nilimwambia. "Jumapili nakwenda shamba", basi. Alikuwa ananifungia chakula kwenye hotipoti na mimi nikawa nahesabu kuwa ananiunga mkono. Ngoja mvua ikatike nirudi nyumbani.

---

Bila Mtaji

Nimeweka kambi hapa, naleta na kiti. Huku tukisubiri, mkuu, ile miche ya kubebesha unaitambuaje? Kuna jamaa anapitisha na guta mtaani anaapa kwa mama yake ni Hass.

---

Spea za Boda

Tazama shina karibu na chini, uone kovu la pale ilipoungwa. Likiwa halipo, hiyo imeota kwa mbegu, utasubiri miaka mingi na hujui itazaa nini. Ya kubebesha inaanza kuzaa karibu mwaka wa tatu. Ukipanda, hilo kovu libaki juu ya udongo, usilifukie. Na mwaka wa kwanza ikitoa maua yatoe, mche mdogo usibebe matunda. Miche ya guta achana nayo. Kama upo Mbeya, nenda Uyole kwa watu wa utafiti wa kilimo ukaulize nani anazalisha miche ya kuaminika, kuuliza hakuna malipo.

---

Kihesa Juu

Unakwepa swali la dada wa Njombe kwa parachichi, tunakuona.

---

Spea za Boda

Wakuu nimerudi, ni siku nne sasa. Nilimuuliza.

Kwanza alicheka, akaniuliza ni nani kanifundisha hilo swali, nikamwonyesha huu uzi. Kausoma wote hapo jikoni. Pale nilipoandika kwamba wageni aliwaambia "maua ya baba", kasema nimesahau kuandika kwamba yeye ndiye aliyekuwa anayamwagilia, mimi nilikuwa nayapita tu nikitoka. Ni kweli. Nilisahau kabisa.

Halafu kasema ana jambo lake tangu 2020. Anataka kuoka mikate ya kuuza, ana dada yake Soweto, hapa hapa Mbeya, mwenye oveni ya mkaa ya kumwazima. Hajawahi kuniambia. Nikauliza kwa nini hakusema. Kasema, "Ungesema tutaona nikipata nafasi."

Tumekaa hadi saa 5 usiku na lile daftari la madeni. Yaliyokubaliwa ni haya: Kiwira mimi nakwenda Jumapili moja, Jumapili inayofuata yeye yuko Soweto kwa dada yake na mimi nina watoto. Palizi ikizidi tunamlipa kijana wa kule, na hela ya kumlipa inatoka kwenye yangu ya mpira na vocha. Nusu ekari ya pili niliyotaka kuchimba Julai hii imeahirishwa mpaka mwakani. Hiyo iliniuma, sitaki kudanganya, nilishazipima kamba zote.

Kwa hiyo kesho siendi. Yeye kaondoka leo jioni analala huko huko, unga unaumuliwa usiku. Mimi nimeachiwa watoto watatu, sare tatu kwenye beseni, na maharage jikoni ambayo nimeambiwa yakiungua nisiseme ni jiko. Dada wa Njombe, soksi nyeupe unazitenga na nini?

---

Sweta la Njombe

Na kila kitu kaka. Zitenge na kila kitu.